Kisanduku cha manjano tulichokikalia

Mvua ya masika ilinyesha alfajiri ikaacha kama saa mbili hivi asubuhi, mchanga umelowa, mbao zimelowa, na mie nipo pembeni nahesabu mifuko ya simenti kwa sababu jana yake hesabu haikulingana. Nikasikia sauti kama ya mtu anataka kukohoa na kikohozi kimegoma. Nilipogeuka nikamuona yule kijana saidia fundi kainama juu ya pampu ya kisimani, mkono wa kulia umeng'ang'ania mwili wa pampu, miguu mitupu ndani ya dimbwi, mwili mzima umekakamaa hauendi mbele wala haurudi nyuma.

Umeme umemshika.

Fundi mkuu ndo alokuwa na akili siku ile. Hakumgusa. Alichomoa ubao mkavu chini ya turubai akampiga nao kwenye kigasha mara mbili mpaka mkono ukaachia, huku anapiga kelele watu wakazime meni swichi bandani. Kijana akaanguka chali kwenye mchanga. Akakaa. Akakitazama kiganja chake, akakifumba, akakifumbua.

Halafu akacheka.

Na sisi sote tukacheka.

Yashapita wiki sita, na kila nikilala nakisikia kile kicheko, chake na chetu.

Dakika ishirini

Baada ya dakika ishirini kazi ilikuwa inaendelea kama kawaida. Nilimnunulia soda. Mtu mmoja akamwambia "ushakuwa fundi sasa, umeme umekupa mkono", watu wakacheka tena. Pampu ikawashwa, ila safari hii akaambiwa avae ndara.

Ndara. Hiyo ndo ilikuwa hatua yetu ya usalama, na aloitoa ni mie mwenyewe, zilikuwa ndara zangu.

Sikumpeleka hospitali. Nimekuja kujua baadae kwamba mtu aloshikwa na umeme namna ile, hata akiinuka mwenyewe anatembea, anafaa atazamwe moyo siku hiyo hiyo. Sikujua, lakini pia sikuuliza, na hilo la kutokuuliza ndo linaniuma zaidi, maana siku ile mfuko mmoja wa simenti ulopotea niliuuliza kwa watu wanne.

Nyumba yenyewe ni ya familia, tunajenga Makunduchi, na mie ndo nnasimamia kwa kuwa nipo karibu. Anaetoa sehemu kubwa ya pesa ni ami yangu, yupo Uingereza miaka mingi, na huko kazi yake ni hizi hizi za saiti.

Ami kapiga simu

Alipiga siku ya tatu kuuliza lenta zimefika wapi. Nikamweleza yote, na katikati ya maelezo nikamtajia la kijana, tena nikalitaja kama kichekesho. Ami hakucheka.

"Pampu mlichomeka wapi?"

"Kwenye ekstensheni ami, ilotoka bandani."

"Na kile kisanduku changu cha manjano?"

Nikanyamaza. Kisanduku cha manjano kipo chini ya muarubaini. Mafundi wanakikalia wakinywa chai.

Kwa asojua: miaka miwili nyuma ami alileta vitu kwenye kontena, na ndani yake kulikuwa na transfoma moja ya manjano yenye mpini juu, nzito inashindana na nusu mfuko wa simenti, pamoja na drili moja na grinda moja ambazo waya zao nazo za manjano, na plagi zake za manjano pia, za duara, hazifanani na soketi yoyote ilokuwepo kijijini. Fundi wetu wa mwanzo hakupata tabu, alikata ile plagi ya manjano akafunga plagi yetu ya pini tatu za bapa, akachomeka. Drili ikalia kama nyigu alofungiwa kwenye chupa, ikazunguka kwa kasi sijawahi kuiona, kisha moshi, na ile harufu ya vanishi inayoungua. Tukasema chombo kimechoka, mtumba wa Ulaya huo. Grinda tukaitia kwenye gunia kwa kuogopa yasiikute yale yale. Na kisanduku kikawa kiti.

Hakuna alomuuliza ami. Hata mie.

"Kule," akanambia, na sauti yake ilikuwa ya taratibu mno, "ukija na drili ya volti 230 forman anakurudisha mlangoni. Ya manjano ndo ya saiti. Manjano ni 110, buluu ni 230, nyekundu ni 400. Mtu hata kama hajui kusoma, rangi inamwambia."

"Lakini ami nyumbani kwenu si 230 kama sisi?"

"Nyumbani 230. Saiti 110. Nyumbani waya umejificha ukutani mwanangu, saiti waya upo chini, unapitiwa na toroli, unalala majini, unakatwa na bati. Kule washakubali kwamba siku moja utakatwa tu. Wanachopangana ni siku hiyo mtu apate volti ngapi."

Hayo maneno ya mwisho nilikaa nayo siku kadhaa. Maana sisi hatujakubali kwamba waya utakatwa. Sisi tunasema "angalieni huo waya", na tukishasema tunahisi tushafanya kazi.

Umeme mdogo

Nikajiuliza kwa nini hatukukitaka kile kisanduku, na jibu la mwanzo ni rahisi: hatukujua. Lakini haliridhishi, kwa sababu fundi alikisoma kibandiko chake, aliona 110, na alichosema nnakikumbuka vizuri: "umeme mdogo huu, hautoshi kazi."

Umeme mdogo.

Mtu wa kwetu ukimtajia umeme mdogo hafikirii usalama hata kidogo. Anafikiria magharibi taa inavyokuwa nyekundu kama kaa la moto, friji inaguna, stabilaiza inagonga tak tak tak na mama anasema zimeni friji isije ikaungua. Umeme mdogo ni adui wa vyombo. Na umeme usiokuwepo kabisa tunaujua zaidi, mwaka 2008 Unguja tulikaa karibu mwezi mzima bila umeme, halafu kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 tukakaa miezi mitatu gizani, kwa sababu kisiwa kizima kilikuwa kinaning'inia kwenye waya mmoja wa baharini wa tokea 1980, unaotoka Ras Kiromoni unaibukia Fumba. Wa pili, wa megawati 100, umekuja 2013. Wenzetu wa Pemba walikuwa na majenereta yao ya dizeli mpaka 2010 walipovutiwa waya kutoka Tanga. Mtu alopita miezi ile mitatu, akanunua maji ya ndoo kwa sababu pampu za mji hazina nguvu, akalala na joto la kaskazi bila feni, huyo umeme ukirudi anausabahi kama mgeni wa heshima. Hatukulelewa kuuogopa umeme ulopo. Tulilelewa kuuogopa ukiondoka.

Na miezi ile ndo kila mtu alikuwa fundi. Jenereta likinunuliwa leo, jioni waya ushavushwa dirishani kwenda kwa jirani, umeungwa kwa tepu nyeusi, na watu wanamshukuru Mungu. Sisemi vibaya, mie mwenyewe nilisoma kwa taa ya waya kama huo. Lakini mkono ulojifunza kuunga hivyo ndo mkono huo huo upo saiti leo.

Halafu nikakumbuka kitu kingine, na hapa ndo pameniuma hasa.

Kushusha volti tunakujua. Tunakujua sana. Nani kwetu hajaona vitu vya used vya Japan? Kule volti zao ni 100, basi mtu akinunua blenda au jiko la wali la Kijapani anauliza hapo hapo "na transfoma yake?", hata bibi asojua kusoma anajua kwamba hichi bila ya kile kinaungua. Mama alikuwa na blenda kama hiyo, na kitransfoma chake alikishonea mpaka kitambaa cha kukifunikia vumbi.

Tunashusha volti ili blenda isiungue.

Kisanduku cha ami ni kitu kile kile, chuma kile kile na shaba ile ile. Tofauti ni kwamba chake kimeundwa ili mtu asiungue, na hilo halikutupitia akilini hata mara moja.

Nusu kwa nusu

Nikamuuliza ami, kisha nikasoma, kisha nikauliza tena, maana nilikuwa na shaka: 110 si bado inaua?

Inaua, ndio. Ila ndani ya kile kisanduku kuna ujanja ambao mie sikuutarajia. Ule msokoto wa waya unaotoa 110 umefungwa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, katikati yake, si mwisho wake. Kwa hiyo kati ya waya mmoja na mwengine kuna volti 110 na drili inazipata zote, lakini kati ya kila waya na ardhi kuna 55 tu. Na mtu wa saiti anaposhikwa mara nyingi ni hivyo, kagusa waya mmoja, au chuma kilichoguswa na waya mmoja, na miguu yake ipo chini. Ili apate 110 kamili inabidi ashike nyaya zote mbili kwa pamoja.

Chukua mtu alolowa, tuseme mwili wake unazuia kwa ohm 1,000, namba inayotumika sana kwa kukisia. Kwa volti 230 zinapita miliampia 230, na miliampia elfu moja ndo ampia moja, kipimo cha umeme unaopita. Kwa volti 55 zinapita 55, na kiuhalisia huwa pungufu ya hapo kwa sababu ngozi inakuwa ngumu zaidi volti ikiwa ndogo. Miliampia 55 si mchezo, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini viwango vingi vya kimataifa vinaichukua volti 50 kama mpaka wa mtu kugusa katika mazingira ya kawaida, na 55 ipo karibu sana na hapo, 230 ipo mbali kama Makunduchi na Nungwi.

Fundi mmoja wa umeme, mtu mzima namuheshimu, aliposikia nnasifia kisanduku akanikatisha. "Sheikh, volti ikishuka ampia zinapanda. Na kinachoua ni ampia." Niliondoka pale nimevunjika moyo kwa sababu sentensi zote mbili ni za kweli! Drili ya wati 1,000 kwenye 230 inakula ampia 4 na kitu, kwenye 110 inakula 9. Na kweli ampia ndo zinazoua.

Nililala na hilo siku mbili. Kilichonifungua ni tangi la maji.

Tangi likiwa juu ya paa, tobo dogo kwenye bomba linakurushia maji usoni. Tangi lile lile ukiliteremsha ukaliweka juu ya matofali mawili, itabidi utie bomba nene ili maji yatosheleze kazi, na yatapita mengi tu ndani ya bomba nene, lakini kwenye tobo yanatoka kwa unyonge. Zile ampia 9 zinapita ndani ya drili kwa sababu drili imeundwa izipitishe. Mie sijaundwa hivyo. Mie ndo tobo, na tobo linaangalia tangi lipo juu kiasi gani. Nilirudi kwa yule fundi nikamwambia, akafikiri, akasema "hapo nimekuelewa, lakini waya wake lazima uwe mnene". Kweli kabisa, na ikiwa saiti ni kubwa waya ukenda mbali volti zinapotea njiani, ndo maana wenzetu kisanduku wanakisogeza karibu na kazi.

Wamarekani je

Kuna ndugu yetu mwengine yupo Marekani, naye kwenye grupu la familia akaandika kwamba kwao hata nyumbani ni volti 120, kwa hiyo wao wote wapo salama. Nilitaka kumkubalia. Ila 120 ya Marekani haijagawiwa nusu kama ya kisanduku, ukishika waya mmoja na miguu ipo chini unapata 120 zote, na watu wanakufa nazo.

Wao wameshika njia nyengine. Badala ya kuzishusha sana wanazikata haraka. Profesa mmoja wa Berkeley, California, Charles Dalziel, alifanya majaribio na watu wa kujitolea, anawashikisha umeme kidogo kidogo anapima ni wapi mtu bado anaweza kuachia mwenyewe. Wanaume wastani ulikuja kama miliampia 16, wanawake kama 10 na nusu. Nilipofika hapo nikaiweka simu chini. Kwa sababu nimekiona kile kiganja. Sikujua kwamba kuna mtu alishawahi kukaa akapima sehemu ile hasa ambapo mkono unaacha kuwa wako.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1961 akaja na kile kidude kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi, ikionekana kuna unaovuja basi kinakata. Cha Marekani kinakata kwenye kama miliampia 5. Na kwenye saiti sheria yao inataka soketi za muda ziwe na kinga hiyo, au uwepo utaratibu maalumu wa kukagua ethi na nyaya. Upande wa Ulaya na kwetu kilichozoeleka cha kulinda mtu ni cha miliampia 30, ndo ile breka pana yenye kitufe kimeandikwa T, inatakiwa ikate ndani ya sekunde 0.3, na uvujaji ukiwa mkubwa inakata haraka zaidi.

Ipo madukani kwetu. Niliikuta Darajani duka la pili tu. Siwezi kusema haikupatikana.

Mawe yalikataa

Nikamwita fundi umeme alofunga umeme wa muda wa saiti. Nilikuja na hasira nimezipanga. Nikamuuliza ethi ipo wapi, akanionesha pahala pamewekwa simenti nyuma ya banda. Nikamwambia tupavunje. Akanitazama, akaenda kuchukua nyundo mwenyewe.

Ile nondo ya ethi ilitoka kwa mkono. Urefu wake kama kigasha.

"Mawe yalikataa, yakhe," akasema. "Niligonga mpaka ikapinda. Nikaikata."

Anaeijua Makunduchi anajua anachosema. Uwanda wote ule ni mawe, udongo upo kwenye vishimo vishimo tu, ukichimba choo unatafuta watu wenye mtarimbo. Na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Tuseme ethi yetu ilikuwa na ohm 100, na kwenye jiwe inaweza kuwa nyingi zaidi. Waya wa ndani ya pampu ukigusa mwili wa pampu, volti 230 kwa ohm 100 ni ampia 2.3. Breka yetu ilikuwa ya 20. Ampia mbili kwa breka ya 20 ni kama kuwasha taa kadhaa na feni kadhaa, haijui hata kama kuna jambo. Kwa hiyo mwili wa pampu ulikuwa na umeme pengine tokea alfajiri, breka imetulia, mita ya Tukuza, ile ya kulipia kabla, inahesabu, na kila kitu kinaonekana kizima, unasubiri mguu uloroa.

Mie siku zote nilikuwa naamini "breka ipo". Breka ile inalinda waya usiungue. Mtu hayumo kwenye hesabu yake.

Na hasira zangu zikakosa pa kwenda, kwa sababu siku anafunga ile ethi mie nilikuwepo. Nilimsikia anagonga, nikasikia amenyamaza, na nilifurahi kwamba amemaliza kabla ya adhuhuri. Angeniambia siku ile kwamba inataka siku nzima zaidi na nondo tatu na waya wa shaba, nnajijua, ningemwambia weka hiyo hiyo, ni ya muda tu.

Kibreka kibovu

Tukanunua ile ya kitufe cha T, ya miliampia 30. Tukachimba mashimo matatu upande wa migomba ambako kuna udongo, tukaunganisha nondo kwa shaba. Siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu tukachomeka pampu.

Pak. Imekata.

Tukairudisha. Pak.

Mara ya nne fundi umeme akasema kibreka ni kibovu, hizi za siku hizi hovyo, akashauri tuipite, tuunge moja kwa moja kwa leo ili maji yajae, kesho atarudi na nyengine. Tangi lilikuwa tupu. Watu wanane wamekaa, wote wa kulipwa kwa siku, zege la ngazi linasubiri maji na jua linapanda. Na mie, baada ya kuyajua yote haya nilowaandikia hapa, baada ya wiki tatu za kusoma usiku, nikafungua mdomo kusema haya, ipite.

Neno lilikuwa ulimini.

Alonizuia ni yule kijana, na wala hakusema kitu. Alikuwa amesimama nyuma kidogo, mbali na pampu, na nilipomtazama niliona ameikunja mikono kwapani. Yote miwili. Kama mtu anaeificha.

Nikasema tufungue pampu kwanza. Tukafungua kile kifuniko cha pembeni zinapofungwa nyaya, na ndani mlikuwa na maji, yametua kimya kama ya kwenye kijiko, na kutu imezunguka. Kibreka kilikuwa kizima. Kilikuwa kinatwambia kitu kimoja mara nne na sisi tunakiita kibovu.

Zege la ngazi halikumwagwa siku ile. Watu wanane niliwalipa.

Kwa nini ulicheka

Jioni yake nilimpeleka kijana kwao kwa vespa, na tulipofika nikazima mashine nikamuuliza. Kwa nini ulicheka?

Akainamisha kichwa. Akasema, "Kaka, niliona mnanitazama."

Nikamuuliza tokea siku ile yupo vipi. Akasema mzima. Kisha akasema usiku mwengine kiganja kinakufa ganzi anaamka anakipiga piga. Kisha akasema pampu akiambiwa aiwashe huwa anatafuta kazi nyengine, anakwenda kubeba mchanga, na fundi anadhani ni mtu wa bidii. Kisha akasema siku ile alitaka kupiga kelele, alisema "yallah" ndani ya kichwa na mdomo haukutii, na alikuwa anatuona sote, mie ananiona nimempa mgongo nahesabu simenti.

Ana miaka kumi na tisa. Nilimpeleka hospitali kesho yake, wiki zishapita, nnajua ilikuwa kuchelewa. Moyo wameutazama, alhamdulillah.

Sasa hivi

Kisanduku cha manjano hakipo tena chini ya muarubaini. Fundi mkuu alikinung'unikia kidogo, alikizoea, nikamletea kigoda. Grinda ilotoka kwenye gunia inafanya kazi, wiki ilopita ilikata nondo zote za baraza, na aloshikilia anasema haina tofauti na nyengine. Ami atatuma drili nyengine na waya mnene wa manjano. Pampu bado ni ya 230, pesa ya kuibadilisha hatuna, kwa hiyo hiyo inategemea kibreka na ethi ya migombani, na kila ikinyesha nakwenda kuitazama kabla haijawashwa.

Kile kitufe cha T kinatakiwa kibonyezwe, ndo kazi yake, ukibonyeza ikakata unajua ipo hai. Nimeweka utaratibu kila asubuhi kabla ya chai nakibonyeza mie mwenyewe. Siku mbili tatu za mwanzo niliona wanatazamana.

Jumanne nilichelewa, gari ilikwama Kitogani, nikafika saa tatu nikakuta hawajaanza. Watu wamekaa juu ya matofali na maji hayajavutwa. Nikauliza kuna nini, fundi mkuu akaninyooshea kidole kwa yule kijana, alokuwa amesimama mlangoni mwa banda.

"Kaka," akasema, "leo hujabonyeza."